Karibu Tena kwenye Simu ya Yaya

Simu ya yaya ilibaki nyumbani kwa sababu yangu. Yaya ni kaka yangu mkubwa, ndivyo tunavyoita hapa Kisangani. Siku aliyopanda mashua kwenda Isangi kumchukulia mama samaki wa moshi, rafiki yangu alikuwa anaolewa kesho yake, na mimi sikuwa na simu ya kupigia picha. Nikamwomba yake. Alikuwa ameshafunga begi, yuko mlangoni. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaitoa mfukoni.

"Lakini usinijazie memoire," akasema.

Nikaijaza. Nilipiga picha keki, nikapiga viatu vya bibi harusi, nikapiga keki tena ilipokatwa, nikapiga watoto wakilamba vidole. Nilikuwa nimepanga akirudi tukae kwenye kibaraza, nimsomee zile picha moja moja kama mtangazaji wa redio, maana hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naiota tangu nilipoacha shule darasa la tatu la sekondari. Nyumbani nilikuwa natangaza kila kitu. Habari za jikoni, pondu imeiva. Habari za uani, kuku wa jirani ameingia tena bila visa. Yaya ndiye alikuwa muziki wa kufungulia, anaupiga kwa mdomo.

Mashua ilizama ikiwa inarudi, asubuhi kweupe, watu na magunia wakiwa wamepita kiasi. Walimpata siku ya tatu. Naandika kwa kifupi kwa sababu ndivyo ilivyonifikia, kwa kifupi, mtu mmoja amesimama kwenye mlango wa uwanja wetu na kofia mkononi.

Matanga yalichukua siku zake. Nilibeba viti, niliosha sahani, nilipanga watu wa Basoko wapi walale na watu wa Isangi wapi walale. Wenzangu walilia hadi sauti zikakauka. Mimi sikulia. Sikuwa nimekataa kulia, hapana. Nilikuwa nakwenda mahali ambapo kilio kinakaaga, nakuta hakuna kitu, narudi kuosha sahani. Nilikuwa napita na sinia la chikwangue, mkate wa muhogo, niliposikia shangazi mmoja akimwambia mwenzake kwamba huyu dada ya marehemu iko na macho ya mawe. Sikumkasirikia. Nilisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani kupitia ukuta, unajua ni habari, hujui zinamhusu nani.

Matanga yalipokwisha, tonton, mdogo wake mama, ndiye aligawa vitu vya marehemu, kama desturi yetu ilivyo. Viatu vilikwenda kwa binamu. Koti alilichukua mwenyewe, akasema analichukua ili lisikae peke yake, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza pale uwanjani. Simu akampa mama.

Hakuna aliyeisafisha. Tonton alisema ingefaa kuiondoa akaunti ya marehemu na kuweka ya mama, ni kazi ya dakika kumi. Mama akamuuliza kama anataka kumfuta mtoto wake. Basi ikabaki ilivyo, na picha yake mbele, na kengele yake ya saa kumi na moja ya alfajiri ambayo sasa ilituamsha sote, na jina lake kila mahali simu inapouliza wewe ni nani. Ikawa simu ya nyumba. Anayetaka kupiga anaichukua juu ya kabati, akimaliza anairudisha. Na kila kitu ilicholeta, mama alisema ni yaya. Ikileta wimbo, mama anaita, njooni, huu aliupendaga. Ikileta mpira, ni timu yake. Mimi nilijua ule wimbo ni mimi niliutafuta wiki iliyopita. Sikusema. Kwa nini niseme? Mama alikuwa anatabasamu.

Wiki kama tatu baada ya mazishi, Alhamisi moja, mama alikuwa soko, mvua inapiga mabati hata husikii mawazo yako. Nikachukua simu nikaandika kwa Kifaransa changu cha kuokota: kwa nini silii, kaka amekufa. Nilidhani zitakuja sala. Ikaja nyumba moja ya hapahapa mjini, upande wa Makiso, nyumba ya kusikiliza watu wenye mizigo moyoni. Kumbe ina ukurasa wake, wenye Kifaransa, Lingala na Kiswahili.

Kabla sijasoma neno, pazia la maandishi likafunika kioo. Lilisema ukurasa huu unatumia kuki, yaani alama ndogo ambazo ukurasa unaziacha ndani ya simu yako ili ukirudi ukutambue. Chini palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kikubwa, kijani: Kubali zote. Kingine kidogo, kijivu: Chagua. Mega za siku, zile za mtandao, zilikuwa karibu kwisha, na zilikuwa mega za nyumba nzima. Chagua ingefungua ukurasa mwingine, na ukurasa mwingine unakula mega. Nikabonyeza kijani. Kwetu wote tunabonyeza kijani. Ni kama kuruka dimbwi mbele ya mlango, huliulizi lina kina gani.

Ukurasa niliousoma uliitwa Moyo Ukifa Ganzi. Haukuwa mrefu. Ulisema inatokea, kwamba mtu anaweza kumpenda sana aliyeondoka na bado macho yakabaki makavu, kwamba mwili wakati mwingine unafunga mlango ili mwenye nyumba asianguke. Nilisoma mara mbili. Sikusikia nafuu. Nilisikia tu kwamba kuna mtu, mahali fulani, aliyeandika jambo langu bila kunijua.

Kisha nikaficha nyayo. Rafiki yangu yule aliyeolewa alikuwa amenifundisha: nukta tatu, historia, futa. Simu ikaniuliza nifute nini, ikaweka viboksi. Cha kwanza kilikuwa historia, nikakitia alama. Cha pili kilikuwa kuki, na chini yake paliandikwa kwamba ukizifuta utatolewa kwenye kurasa nyingi ulizoingia. Nikasimamisha kidole. Nilifikiri yaya atatolewa. Nyimbo zitaondoka, jina lake litaondoka, mama atafungua simu na kukuta simu ya mtu yeyote. Nikaacha kile kiboksi wazi, nikafuta historia peke yake, nikarudisha simu juu ya kabati nikiona nimemaliza.

Nilirudi kwenye ule ukurasa Alhamisi mbili nyingine. Kuomba miadi sikuomba. Kwetu anayekwenda nyumba kama ile anaitwa fou, kichaa, na tonton alikuwa akisema zile ni nyumba za watu wanaoongea peke yao sokoni. Mimi nilikuwa tayari na macho ya mawe. Sikutaka na kichwa nacho kipewe jina.

Matangazo yakaanza kidogo kidogo. Chini ya wimbo, katikati ya maombi ya asubuhi, inatokea picha ya kiti kitupu mbele ya dirisha, na maneno: Moyo umekufa ganzi? Yuko mtu wa kukusikiliza. Mara ya kwanza nikadhani ni bahati tu. Mara ya pili niligeuza simu kifudifudi. Lakini simu ya nyumba huwezi kuigeuza kifudifudi siku zote.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za makemba, simu iko mapajani inaimba. Mimi nilikuwa napepea makaa. Kidole chake kilikuwa na maji, akagusa pale kwenye kiti kitupu bila kutaka, ukurasa ukafunguka. Mama anasoma kwa sauti, hivyo ndivyo alivyofundishwa kusoma, kwa sauti na polepole.

"Karibu tena," akasoma. "Endelea pale ulipoachia. Moyo Ukifa Ganzi."

Akasoma tena. Kisha akauliza, bila kumuuliza mtu, kwa nini imesema tena. Nikaona uso wake unavyofika pale ulipofika. Simu ilikuwa ya yaya. Jina lilikuwa la yaya. Kwa mama, ukurasa ulikuwa unamkaribisha yaya.

"Donc, kumbe alikuwaka anaenda," akasema. "Mutoto wangu alikuwaka na kitu ndani ya roho, na hakuniambia."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno nilikuwa nayo, ni mawili tu. Nikapepea makaa.

Jioni ile alimwita tonton, na wakati tonton anafika mama alikuwa ameshajenga nyumba nzima. Yaya aliacha simu: mtu anayejua atarudi haachi simu. Yaya alicheka sana wiki ile ya mwisho: mtu anayeficha ndiye anayecheka hivyo. Yaya alijua kuogelea tangu mtoto: basi kwa nini yeye, na yule mzee wa magunia aliyekuwa naye katika mashua akaokoka? Kila kitu alichotuachia, mama alikigeuza upande wa pili na kukuta pameandikwa jambo lilelile. Tonton alijaribu. Alisema simu zinaletaga mambo yao tu, hata yeye yake inamletea dawa ya kuotesha ndevu kila siku, na ndevu anazo.

"Ilikuandikia karibu tena?" mama akamuuliza.

Tonton akajishika ndevu.

Kuanzia siku ile mama hakwenda soko. Chakula alikuwa anakisogeza sahanini. Lakini lililokuwa baya zaidi ni usiku wakati wa sala ya nyumba, alipofika mahali pa kumtaja yaya akaruka. Nilimuuliza asubuhi. Akasema anaogopa. Akasema kama mtoto alijitupa mwenyewe majini, yeye hajui tena amwombee kwa maneno gani, na hajui kama Mungu anayapokea. Alisema hivyo akiwa anafunga kitenge, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Siku nne nilimtazama hivyo. Nataka niseme nilipigana moyoni, lakini nitakuwa nadanganya. Nilimtazama kama unavyotazama sufuria inayofurika na mikono yako haiinuki. Kusema ni mimi ilikuwa ni kusema, mama, umezika mmoja, na huyu aliyebaki naye si mzima. Niliona afadhali ninyamaze. Sikuwa na hesabu nzuri siku zile.

Alhamisi mama akavaa liputa, kitenge chake cha matanga, akaweka simu kifuani, akaniambia twende Makiso. Tulichukua toleka mbili, zile baiskeli za kubeba watu, yake mbele, yangu nyuma. Njia nzima nilikuwa natazama mgongo wake. Mwendesha baiskeli wangu alikuwa mcheshi, akaniuliza kama tunakwenda kuposa mume, maana mama kavaa. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida, ukuta wa njano, geti bila bango. Ndani palikuwa na benchi, meza, na binti wa rika langu mwenye nywele za kusuka amekaa nyuma ya meza. Mama hakusalimia. Alikuwa anatafuta kitu juu ya meza kwa macho, na mimi nikajua anatafuta nini. Mjini kwetu huingii popote bila daftari. Hata wanapouza simenti utaandika jina, mtaa na sababu ya kuja. Mama alikuja kutafuta jina la yaya kwa mkono wa yaya.

"Registre iko wapi?" akauliza.

"Hapa hatuna registre, mama. Karibu, ukae."

Mama hakukaa. Alitoa simu kifuani akaiweka mezani, picha ya yaya inaangalia juu.

"Huyu mutoto alikuwaka anakuya hapa?"

Binti aliitazama picha muda mrefu, kisha akamtazama mama.

"Mama, pole sana. Sisi hatusemake nani anakuya na nani hakuye."

"Hata kwa mama yake?"

"Hata kwa mama."

"Hata kama alikufa?"

"Hata kama alikufa, mama."

Sasa mama akakaa. Alikaa kama mzigo unaotuliwa. Akasema basi njo vile, ni kweli alikuja, maana kama mtoto alikuwa haji wangesema tu hapana, hapana ni neno fupi, lingewashinda nini. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mama mshauri, mwanamke mnene mwenye miwani kwenye kamba, akaja akakaa benchi moja na mama, si kwenye kiti chake. Alisikiliza yote tangu mwanzo. Kisha akamweleza kwamba ile hapana anayoitaka hawawezi kuitoa hata pale ambapo ni kweli, kwa sababu wakimwambia mama mmoja hapana, na kesho mama mwingine akija wakamnyamazia, yule wa pili atajua. Hivyo wananyamaza kwa wote sawasawa. Wanawalinda hata wale ambao hawakuja.

Nilifikiri ni maneno mazuri. Mama hakuyasikia. Alikuwa anatingisha kichwa polepole na kusema bon, bon, bon, na kila bon ilikuwa inamzika yaya upya, mahali pabaya zaidi ya pale tulipomzika.

"Ni miye," nikasema.

Mama hakugeuka.

"Mama, ni miye nilifungua. Si yaya."

"Nyamaza. Usimufunike."

Nikaeleza. Nikaanza na mvua, nikaja kwa kile kitufe cha kijani, nikaja kwa Alhamisi zote tatu. Nilieleza kwa sauti iliyonyooka, kama napokea habari mkononi na kuisoma, nadhani ndiyo maana hakuniamini. Mama akanipa simu, akasema nionyeshe. Nikafungua historia. Palikuwa na ile Jumapili tu, nyuma yake patupu.

"Iko wapi?"

"Nilifuta."

"Ulifuta," mama akamwambia mama mshauri, kama vile wao wawili ni watu wazima na mimi sipo. "Anamupenda kaka yake. Muone vile anamupenda."

Nikajua hapo kwamba nilijificha vizuri mno. Nilifuta kile kitu kimoja ambacho kingesema ni mimi, nikaacha ile alama ambayo haisemi ni nani, na nikaiacha kwa kumpenda huyohuyo yaya. Nikamgeukia yule binti wa mapokezi, nikamuuliza kama ukurasa wao unakumbuka siku ya kwanza. Kuhusu mimi hakujibu neno. Alisema tu kwamba mtu yeyote akifungua ukurasa wao kwenye simu yake, aende chini kabisa, pameandikwa Kuki na Siri ya Mgeni, na pale simu yake yenyewe itamwambia ilikubali nini na lini. Hilo si wao wanasema. Ni mwenye simu anasoma cha kwake.

Mega hatukuwa nazo. Binti akatupa mtandao wa nyumba, akaniandikia neno la kuingilia kwenye kikaratasi.

Ukurasa ulikuwa mrefu. Mama mshauri akasema nisome kwa sauti ili mama asikie, na nikasoma, sentensi baada ya sentensi, mama amekunja mikono. Alama ya kwanza ni ya kukumbuka lugha yako na mahali ulipoachia kusoma. Alama ya pili ni ya kuhesabu wageni, bila majina. Alama ya tatu ni ya matangazo, nayo inapewa kampuni ya matangazo ikiwa mgeni amekubali, na kampuni inaweza kukuletea tangazo letu ukiwa kwenye kurasa nyingine. Alama hizi zinatambua chombo, hazimtambui mtu aliyekishika.

"Rudia hapo," mama akasema.

Nikarudia. Hazimtambui mtu aliyekishika.

Chini kabisa palikuwa na kisanduku. Hali yako kwa sasa: umekubali zote. Siku ya kukubali. Kisha tarehe na saa, kwa herufi nyembamba za kijivu. Nikampa mama simu, maana hilo sikutaka kumsomea. Mama mshauri alivua miwani yake akampa. Mama akasogeza simu, akairudisha, midomo inatembea. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole kuanzia siku ya mazishi. Alifika mwisho wa mkono wa kushoto, akaanza wa kuume. Akahesabu upya. Hakuna aliyemsaidia.

"Yeye alikuwa chini ya udongo," akasema. "Wiki tatu na siku mbili."

"Ndiyo, mama."

"Quinze heures, saa tisa mchana. Miye nilikuwa soko."

"Ulikuwa soko."

Akabaki ameshika simu. Kisha akauliza, bila kuinua macho, basi kwa nini aliiacha. Hilo nalo hakuwa amelijua. Nikamwambia niliiomba mimi, kwa ajili ya ile harusi, na yeye alikuwa ameshaiweka mfukoni.

"Alisema nini?"

"Alisema nisimujazie memoire."

Mabega ya mama yakaanza kutingishika. Niliinama nione, ilikuwa ni kicheko na si kicheko, machozi yanapita pembeni ya miwani ya watu.

"Donc alizama tu," akasema.

"Alizama tu, mama."

"Alitaka kurudi."

"Alitaka kuona picha."

Sijui kama kuna mama mwingine aliyewahi kupokea neno hilo kama zawadi. Alilirudia mara kadhaa, alizama tu, kila mara kwa sauti nyepesi kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama. Nilitegemea nitasikia kitu, hata nilijitayarisha, nikashika ukingo wa meza. Nilisikia kama wakati wanapotoa kabati chumbani: nafasi tu, na alama za miguu yake kwenye sakafu.

Mama mshauri alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kosa lao wanaliona. Walipotengenezewa ule ukurasa walifikiri kila simu ina mtu wake. Hawakufikiri juu ya nyumba moja na simu moja. Akasema ile alama ya matangazo watamwambia fundi aiondoe kabisa, nyumba kama yao haifai kumfuata mtu mpaka kwenye nyimbo zake. Yule binti akaandika jambo kwenye karatasi. Kisha akaniuliza kama nataka kuzitoa zilizomo kwenye simu yetu sasa hivi, inawezekana kuzitoa za ukurasa wao peke yake.

"Picha zake zitatoka?" mama akaingilia.

"Hapana, mama. Picha, nyimbo, jina, vyote vinabaki."

"Basi toa."

Binti alinionyesha wapi pa kubonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu. Yote yale kumbe yaliwezekana siku ile ya mvua, kama ningefungua kile kitufe cha kijivu.

Mama alirudisha miwani kwa mwenyewe. Akajifuta kwa ncha ya liputa. Halafu akanitazama. Tangu matanga alikuwa ananipa kazi, alikuwa ananiita, alikuwa ananikalia karibu, lakini kunitazama hivi, usoni, jicho moja kisha lingine, hakuwa amenitazama. Pengine na mimi sikuwa nimempa nafasi.

"Na weye?" akauliza.

"Miye sijui, mama. Hakuna kitu. Kunakuwa hakuna kitu."

"Hata saa hii?"

"Hata saa hii."

Nilingoja aseme neno la macho ya mawe, najua alilisikia kama nilivyolisikia. Badala yake akageukia meza.

"Andika huyu," akamwambia binti.

"Anajiandika mwenyewe, mama. Akitaka. Na si kwa jina, tunampa namba."

Mama akasema sawa, namba, basi ampe namba nzuri. Binti akanitazama akingoja. Nikasema ninataka. Lilikuwa jambo la kwanza nililosema naitakia nafsi yangu tangu harusi ile, na sauti haikuwa na chochote ndani yake, lakini lilitoka. Mama mshauri akauliza leo au siku nyingine. Mama akajibu kwa niaba yangu, leo, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, akaniachia. Nikasema leo.

Chumba cha ndani kilikuwa kidogo. Viti viwili, sanduku la leso za karatasi ambalo nililisogeza pembeni kwa sababu nililiona kama linanidai kitu. Mama mshauri akaniuliza ningependa kuanzia wapi. Nikasema sina mwanzo. Akasema tunaweza kukaa tu, basi tukakaa. Dirisha lilikuwa wazi upande wa benchi, na sauti ya mama ilikuwa inaingia, ile sauti yake ya sokoni ambayo yeye hudhani ni ya kunong'ona. Alikuwa anamuuliza yule binti swali. Alitaka kujua, mfano tu, kama ndani ya nyumba moja watu wawili wanafungua ule ukurasa kwa simu moja, mmoja leo na mwingine kesho, ukurasa utaweza kuwatenganisha, useme huyu ni mtoto na huyu ni mama?

Binti akamwambia hapana, hauwezi.

Mama akasema ni vizuri, na akamwomba amwandikie na yeye jina la ule ukurasa kwenye kikaratasi, kwa herufi kubwa.